Kumuaga Bi Halima, Aliyetaka Mtandao Uingie Garini

Tarehe 30 Juni 2010 Bi Halima Shekilindi anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuhudumia wageni kambini kwetu Irente. Mimi Rubeni, mlinzi wa lango, ndiye ninayemjua kuliko wote, kwa hiyo nimekataa mtu mwingine kuandika.

Alianza kwa kufua mashuka, akapanda mpaka msimamizi wa wageni. Serikali ilipofungua milango ya biashara na watalii wakaanza kuja na magari yenye vitanda na jiko, wengine tuliona kazi imeisha. Bi Halima akasema aliyekuja na nyumba yake bado ni mgeni, akaendelea kuwapelekea chai.

Masika ya mwaka jana alikuja na gari la namna hiyo mama mmoja Mjerumani, anajua Kiswahili kidogo. Binti yake huko kwao alikuwa amejifungua, na picha ya mtoto ilikuwa ije kwa mtandao. Sasa, ndani ya gari mtandao haukamati, maana ni bati pande zote. Nje unakamata, lakini mvua. Yule mama akachukua mwavuli na kompyuta akasimame matopeni. Bi Halima akamzuia. Kwa desturi ya kwao Bi Halima, bibi hampokei mjukuu amesimama. Huketi, akanyoosha miguu.

“Mama, rudi ndani ukae,” akamwambia. “Mtandao utakufuata.”

Akanigeukia mimi. Nikachukua mti wa kupandishia maharage, nikafunga modemu ya yule mama, kile kidude cha kukamatia mtandao, kwenye ncha, ndani ya mfuko wa nailoni, waya mrefu nikaupitisha dirishani, nikanyanyua juu ya paa kuelekea mnara wa simu. Ukungu ukishuka, mnara uko wapi najua mimi tu hapa.

Bi Halima akawa ananisumbua kutoka dirishani: “Mzee Rubeni, tulia, hiyo si bendera.” Sikutikisika. Ulikuwa upepo.

Niliona kwa macho yangu, kupitia dirisha lile lile. Picha ilishuka polepole, nywele kwanza, halafu paji la uso.

“Kichwa kimetangulia,” Bi Halima akamtuliza mwenzake. “Anakuja vizuri.”

Uso ulipokamilika yule mama alilia. Kisha akaiweka kompyuta mapajani mwa Bi Halima, naye ampokee. Bi Halima, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, akanyoosha miguu.

Dada yetu, kambi nzima inakushukuru. Tunakuombea afya na siku za heri nyumbani Soni. Hawa wafanyakazi wadogo watakuja kukuamkia, mimi nitakuja kukaa.