Karata za Mke wa Muokaji

Dada mshonaji alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, ambako muokaji mikate alikuwa akimweleza bibi mmoja asiyemjua mambo ya nyumbani kwake.

"Mke wangu ni muuguzi wa usiku, mama. Yeye akiingia, mimi natoka. Kwa hiyo karata zetu hukaa mezani zimefunikwa, na kila anayepita hutupa moja."

"Sasa mbona umenuna?"

"Jumapili alikuwa na mapumziko, nami nikashinda kutwa nikicheza gemu ya mpira kwenye runinga. Tangu hapo hajatupa hata moja."

"Na ndevu zako zote hizo!"

"Tena nilifungwa sita, mama."

Bibi alicheka mpaka mkoba ukamdondoka. Mshonaji naye akauma mtandio.

Muokaji akagusa mfuko wa shati. "Nampelekea karata zake kazini. Akitaka, atupe hukohuko."

"Hujazichungulia?"

"Nikichungulia, mama, nitakuwa nacheza peke yangu."

Basi likasimama hospitali. Akashuka, kiganja kimefunika mfuko kama aliyebeba kifaranga. Mshonaji akafungua dirisha haraka amwone akipokelewa, lakini dereva hakungoja.