Fundi Mashavu na Kwikwi ya Pikipiki Iitwayo Ndiyo

Fundi mkuu wa karakana yetu ya pikipiki za vifurushi anastaafu tarehe 30 Juni, akiwa ametumikia kabureta kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye kitambulisho chake kuna jina refu lenye heshima zake, lakini ukiliita pale getini hageuki mtu, pamoja na yeye mwenyewe. Sisi tunamwita Mashavu. Wageni wa karibuni wanadhani ni jina la mtu mnene, kisha wanaonyeshwa mtu mwembamba anayefunga mkanda kwa tundu alilojitobolea mwenyewe kwa msumari. Jina lilitokana na kazi.

Kila dereva wetu anaijua kwikwi. Uko barabarani, mkono umetulia kwenye mafuta, huongezi wala hupunguzi, na bado pikipiki inavuta, inaachia, inavuta tena, kama mtu anayekushika shati kwa nyuma. Mara nyingi injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Dawa yake ni kusafisha kijitundu cha jeti kinachopitisha petroli, kupandisha sindano ya kabureta kidogo, kugeuza skrubu kwa subira, halafu kwenda kujaribu barabarani. Hapo kwenye kujaribu ndipo Mashavu alipoachana na mafundi wengine wote duniani.

Yeye alijaribu kwa maji. Alichukua funda kubwa kutoka bombani, akajaza mashavu yote mawili, akapanda na kwenda kwa mwendo mmoja mpaka kwenye duka la mikate na kurudi. Alisema sikio hudanganywa na upepo na macho hudanganywa na hamu ya kurudi nyumbani mapema, lakini maji mdomoni hayana upendeleo. Pikipiki ikiwa nzima, alirudi mashavu yamejaa, akatema kwenye mtaro na kusaini. Ikiwa na kwikwi, maji yalitokea puani kabla hajamfikia kinyozi aliye nusu ya njia.

Mtaa mzima ulijua kwamba Mashavu akiwa juu ya pikipiki hasalimiwi. Fundi cherehani alimpungia tu mkasi. Muuza mikate aliwafunza wateja wake. Shida ilikuwa wageni. Mwaka ambao binti yake mkubwa alichumbiwa, baba wa kijana alikuja kutafuta nyumba, akasimama njiapanda na kumwomba mzee mmoja wa pikipiki amwelekeze. Mzee yule alimtazama kwa macho makali, mashavu yamevimba, akapita bila neno. Mkwe mtarajiwa alirudi kwao akawaambia ndugu zake kwamba ukoo ule hautufai, baba yao amevimba kwa hasira saa nne asubuhi, jioni itakuwaje.

Mashavu alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Maelezo hayakueleweka, kwa hiyo aliomba glasi ya maji, akajaza mashavu na kukaa kwenye sofa akijitikisa kidogo ili wamwone alivyokuwa. Mama wa kijana alianza kucheka, Mashavu akashindwa kujizuia, na zulia la watu likaloa. Harusi ilifungwa. Wakwe hao wawili ni marafiki wakubwa leo, ila zulia halijaacha kutajwa.

Katika miaka hiyo yote ni pikipiki moja tu iliyomshinda, na naieleza kwa urefu kwa sababu mume wangu ndiye aliyepewa kuiendesha. Marehemu alikuwa dereva hapa hapa, rafiki wa Mashavu, ndiyo maana fundi huniita shemeji kila anapokuja dukani kwangu kuchukua vipuri. Pikipiki yake ilikuwa na kwikwi isiyosikia dawa. Akiwa barabarani kichwa chake kilikwenda mbele na nyuma bila kukoma, na watu wakaona anawaitikia. Aliitikia wapita njia, aliitikia magari, aliitikia mabango ya matangazo. Madereva wenzake wakaiita pikipiki Ndiyo. Siku moja alipita taratibu penye mnada uliokuwa umemeza nusu ya barabara, na mnadi akamhesabu kuwa amepandisha bei. Alirudi nyumbani jioni na kabati la milango mitatu. Nilimuuliza tunaliweka wapi, akanijibu kwamba swali hilo yeye hakuulizwa.

Alifariki mwaka juzi baada ya kuugua. Ndiyo ilibaki kwenye kona ya karakana, maana hakuna dereva aliyetaka kwenda kazini akitikisa kichwa. Mwezi wa nne meneja alitangaza kwamba siku Mashavu atakapostaafu, Ndiyo itauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa hakuna fundi mwingine atakayehangaika nayo. Meneja hakukosea. Mashavu alikuja dukani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe unataka nini?" Nilimwambia nataka iendelee kupeleka vifurushi. Akasema sawa, akaomba jeti mpya, akatoka.

Jeti haikusaidia. Alipandisha sindano mpaka tundu la mwisho, pikipiki ikaanza kutoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, na kwikwi ikabaki palepale. Ajabu ni kwamba kwenye jaribio lake la maji ilifaulu kila mara. Alirudi mashavu yamejaa, anatema, anasaini, dereva anaichukua, na kabla ya saa sita dereva huyo anairudisha akiitikia.

Ilimchukua mpaka wiki ya mwisho ya Mei kuona kosa lake. Duka la mikate ni karibu mno. Injini ilikuwa haijapata moto sawasawa, na miaka yote urefu wa jaribio letu haukupangwa na pikipiki, ulipangwa na uwezo wa mtu kubana maji. Asubuhi iliyofuata alijaza mashavu na kupitiliza duka la mikate. Muuza mikate alipiga simu karakana kutuuliza kama mzee wetu amegombana na mtu.

Karibu na tangi kubwa la maji alisimamishwa na askari wa barabarani, mwanadada mwenye sauti ya mwalimu. Aliomba leseni, akapewa. Aliuliza mzee anatoka wapi, akaonyeshwa kidole nyuma. Aliuliza anakwenda wapi, akaonyeshwa kidole mbele. Akamwambia apumue apimwe kama amelewa, na Mashavu akakataa kwa kichwa.

"Mzee, fungua mdomo."

Akakataa tena. Askari alimwamuru asogeze pikipiki pembeni polepole. Sasa injini ilikuwa ya moto kweli. Ilivuta, ikaachia, na maji yote yakamwagikia viatu vya serikali. Askari aliviangalia, halafu akauliza, "Ulikuwa nayo mdomoni tangu wapi?" Mashavu alikuwa amekwisha piga magoti kando ya injini. Alibana kwa vidole ule mpira unaounganisha kabureta na injini, na mlio ukatulia. Akaachia, ukayumba. Kulikuwa na ufa upande wa chini, mwembamba kama unywele, uliofunguka mpira ulipopata moto tu na kuvuta hewa ya wizi. Askari alimshikia tochi ya simu, kisha akamwachia aende, bila faini, kwa sharti kwamba asirudie mbele yake.

Mpira mpya ulikuwa kwenye rafu yangu. Aliufunga mwenyewe, akarudisha sindano kwenye tundu lake la katikati, akageuza skrubu nusu mzunguko na kusikiliza. Meneja aliifuta Ndiyo kwenye orodha ya chuma chakavu siku hiyo hiyo.

Mashavu, umetufundisha kazi na umetuchekesha, mara nyingi kwa pamoja. Tunakushukuru. Mama watoto wako tunamwomba radhi mapema, maana jiko la gesi la nyumbani sasa liko hatarini kufunguliwa. Ulale mpaka uchoke kulala, ucheze na wajukuu, na afya yako iwe njema siku zote.

Kwa upande wangu nina shukrani moja zaidi. Jumatatu iliyopita Ndiyo ilipewa dereva mpya, ikatoka getini na vifurushi vyake. Nilisimama mlangoni mwa duka nikiusikiliza mlio wake ukishika barabara kuu. Ulikwenda ukipungua, ukapungua, na mpaka masikio yangu yalipoupoteza, haukuyumba hata kidogo.