Kengele Ikinyamaza Msipige Filimbi

Reino, funga huo mlango, baridi inaingia, na hiyo simu iweke mfukoni. Helmi, acha kuhangaika na mablanketi, mwanangu, miguu hii haitapata joto leo hata ukiifunika na nyumba nzima. Na wewe Darrell, ni mkwe lakini umekula mezani kwangu miaka mingi, kaa hapo kwenye benchi usikie. Gari la wagonjwa silitaki. Nilisema jana nilipotolewa kwenye matope, nimesema asubuhi, nasema tena: daktari alinirudisha nyumbani tangu kiangazi, akaniambia moyo umechoka, nikamwambia basi nitaupumzisha kambini kwangu, mwisho wa wiki ya kuwinda kwale, wanangu wakiwepo. Leo ni Jumapili, nje bado kweupe, pumzi ninazo chache na hasira ninazo nyingi. Nisikilizeni kabla hizo pumzi hazijaisha.

Kambi hii, na msitu wake mpaka kwenye kijito, na sauna, kibanda cha kuogea mvuke ambacho baba yangu alikijenga kwa magogo aliyoyachonga mwenyewe, ni mali yenu wawili, Reino na Helmi, sawa kwa sawa, na mmoja hauzi bila mwenzake kukubali. Mwanasheria wa mjini analo hilo. Najua, Reino, najua unachotaka kusema. Nilikusikia Ijumaa jioni, pai ya nyama na viazi ikiwa bado mdomoni: "Baba, hapa panakula kodi tu, tukipata mtu wa Chicago mwenye pesa zake tunamalizana naye." Mama yenu Lempi anakutazama pale ukutani kwenye picha, wewe unatafuna na kuuza. Halafu ukageuka ukamtazama Ukko, amelala zake karibu na jiko, ukasema, "Na huyu tutampeleka kule wanakotunza mbwa wasio na wenyewe, atapata watu wazuri tu." Hapo nikaisukuma sahani. Kambi ni mbao na mawe, ikipata mwenyeji mwingine haitajua. Mbwa atajua.

Basi ndiyo maana nimewakalisha. Ya kambi yameandikwa, ya mbwa hayajaandikwa popote, na ni huyu mbwa anayenizuia kufa kwa amani.

Bunduki ya mitutu miwili ni ya Helmi. Usinikunjie uso, Reino. Dada yako alikushinda shabaha tangu mkiwa wadogo, na hakuwahi hata mara moja kumpiga kwale aliyetua chini. Amepoteza mazoea tu huko mjini kwa kushinda kwenye viti vya kuzunguka. Wewe chukua shoka la babu yako na mashine ya kukatia magogo, na ile pikapu kama itakubali kuwaka. Darrell, chukua buti zangu. Sikutanii, buti ndizo zilizokushinda jana.

Maana ya jana lazima niyaseme, la sivyo nitaenda nayo kaburini yakinichoma. Jana nilikuwa na siku moja tu niliyoitaka. Sikuomba kitu kingine mwaka mzima. Nilitaka tuingie msituni sote, majani yakiwa yameshaanguka, Ukko mbele, sisi nyuma yake, bega kwa bega kama zamani, na kama tungepata kwale mmoja wa kuchemsha na kitunguu, sawa, na kama tusingepata, sawa vilevile. Nikaamka kabla yenu, nikapika kahawa, ikapoa. Nikapika nyingine. Reino unatoka chumbani jua limeshapanda, unauliza kama mtandao unashika hapa. Mtandao! Helmi umekuja na viatu vya kutembelea dukani, vyeupe, mwanangu, vyeupe kabisa. Na Darrell na mkanda wake wa mbwa wenye mtambo, unatuma habari kwenye kiskrini, nukta ya mbwa inatembea kwenye ramani. "Mzee, kengele ya nini tena? Mambo hayo yamepitwa na wakati." Nikamwambia mvalishe mtambo wako, mwanangu, lakini kengele haitoki shingoni.

Tukafika kwenye njia ya magogo. Vichaka vya bondeni vimefungamana, matope mpaka kwenye kifundo, nikawaona mnaangaliana. Ndipo Reino ukasema, "Baba, ingia kidogo na mbwa, sisi tunangoja hapa barabarani, akimtoa ndege tutampiga akivuka." Mnangoja! Mnamngoja kwale kama mnangoja basi. Nikaingia peke yangu. Nilikuwa nimekasirika hata nikasahau kwamba daktari alinikataza kupanda mlima, nikapanda.

Ukko alifanya kazi yake. Nilimsikia kulia, nilimsikia kushoto, kengele inalialia kwenye vichaka, mpaka juu kule penye mitufaa ya zamani, ya shamba lililoachwa, ambako kwale hushuka kula matunda yaliyooza. Hapo kengele ikanyamaza. Nyie mmezaliwa katika jambo hili. Kabla hamjajua kusoma mlijua kwamba mbwa wa namna hii akimnusa ndege hakimbii wala habweki, husimama, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, hapepesi hata jicho, na kengele ikinyamaza maana yake ni moja tu: nimempata, njooni. Na mtu hajibu kwa mdomo. Mtu anajibu kwa kwenda. Unapita vichakani, unampita mbwa, unamwinua ndege kwa mguu wako, ndipo upige au ukose, hilo ni lako, lakini mbwa lazima uende kwake.

Nikaenda. Nikamwona amesimama chini ya mtufaa. Zikabaki hatua chache, kifua kikanibana kama mtu amenikalia, nikashuka chini taratibu kwenye matope, bunduki ikanitoka mkononi. Nilijaribu kuita, sauti haikutoka. Na Ukko pale, haendi mbele, harudi nyuma, jicho moja kwa ndege na jicho moja kwangu.

Sasa niambieni. Mlisikia kengele imenyamaza, au hamkusikia? Helmi, ulisikia. Nilikusikia ukisema, maana bonde lile linabeba sauti: "Imenyamaza, si amesimama?" Na Reino akakujibu, "Aah, amekwama tu mahali." Halafu filimbi zikaanza. Filimbi! "Ukko! Ukko, njoo!" Halafu "Baba! Baba, uko wapi?" Halafu honi ya gari. Mbwa amemsimamia ndege, amefanya kila kitu alichofundishwa, na nyinyi mnampigia honi arudi. Mbwa mwingine yeyote angevunjika moyo, angemrukia ndege, na msimu ungeishia hapo. Huyu hakutikisika. Nikamsikia Darrell, na hili ndilo lililoniuma kuliko kifua: "Kiziwi huyu. Mtambo unaonyesha yuko palepale, hata hasogei." Kwa hiyo mlijua! Nukta mliiona! Mlijua mahali alipo mpaka na mti aliosimama chini yake, na bado mkasimama barabarani mkipiga kelele.

Usilie, Helmi. Sisemi ili ulie.

Mnajua nani aliyekuja. Urho Kangas, wa ng'ambo ya kijito, ambaye sikuwa nimesemezana naye tangu nyinyi mko shuleni. Yule aliyepita na pikapu yake siku ile kwenye njia ya magogo, mbwa wangu wa wakati ule amesimama, mimi nainua mguu nimwinue ndege, na yeye akampiga kwale akiwa chini, kutokea dirishani, injini inanguruma, akamwokota akaondoka. Watu wa mjini watasema ndege mmoja, ya nini? Sisi tunajua ya nini. Nilimwambia mbele ya kanisa zima kwamba yeye si mwindaji, ni mwokotaji, na tangu hapo yeye akakaa upande wa kushoto na mimi wa kulia, hata siku ya mazishi ya Lempi alinipa mkono akitazama viatu.

Huyo Kangas alikuwa anapasua kuni kwake. Akasikia kengele inatembea, akasikia imenyamaza, akangoja usikike mlio wa bunduki, au kengele ianze tena. Kimya. Filimbi na honi anazisikia, lakini kengele kimya. Akaacha shoka, akavuka kijito na suruali yake yote, mzee mwenye nyonga mbovu kuliko moyo wangu, akaja. Nikamwona anatokea kwenye vichaka amelowa mpaka kiunoni. Kanitazama, kamtazama mbwa, akasema, "Eino, ndege wako bado yupo." Nikaitikia kwa kichwa. Hakunikimbilia kwanza. Alimpita Ukko polepole, akakanyaga majani, kwale akainuka na kelele zake zile, na Kangas akamwacha aende, akamshika mbwa kichwani akamwambia, "Vizuri, mzee, vizuri sana." Ndipo akanijia mimi. Akaninyanyua, ananuka jasho na utomvu wa msonobari, na matusi yake palepale: "Umekuwa mzito, Eino. Hao watoto wanakulisha nini?" Hakuomba msamaha hata kidogo, na mimi sikumwomba. Angalau bado ni mbishi.

Kwa hiyo sikilizeni. Ukko nampa Urho Kangas.

Kaa chini, Reino. Nimesema kaa. "Mtu ambaye hata humpendi," ndivyo unavyosema? Simpendi, ndiyo. Nani kakwambia nampa kwa kupenda? Nampa kwa sababu mbwa huyu akisimama, Kangas anakwenda. Hilo tu. Ijumaa ulikuwa tayari kumpa mtu usiyemjua jina, leo unaona wivu? Wivu huo niliutafuta jana barabarani, sikuupata.

Lakini kengele simpi Kangas. Kengele ni yenu. Itaning'inia kwenye msumari ule, chini ya picha ya mama yenu, na Kangas hataruhusiwa kuichukua, nimemwambia asubuhi kupitia dirishani, akacheka akasema mimi ni mzee mwenye roho mbaya. Huku juu kwetu mbwa bila kengele haingii msituni, na mtambo wako, Darrell, utaniwia radhi, utaondoka nao. Basi kila mwaka, majani yakishaanguka, mtakuja wote wawili. Si mmoja aje na mwingine apige simu. Mtatoa kengele msumarini, mtavuka kijito, mtamfunga Ukko shingoni kwa mikono yenu, na mtaingia naye vichakani nyuma ya Kangas, na Kangas akifa mtaingia wenyewe. Msipokuja, mbwa atakaa kibarazani msimu mzima akitazama njia, na mtajua anatazama nini. Hiyo ndiyo kodi ya kambi. Ile nyingine ilipeni kwa Serikali.

Nipe maji, Helmi. Kidogo. Basi.

Nizikeni upande wa Lempi, jeneza la msonobari, lisilopakwa rangi. Kahawa iwe kali, watu wasije wakasema mimi nilikuwa bahili. Sauna iwasheni jioni, muingie pamoja, muoge hayo matope... na muongee. Helmi, ndugu yako si mtu mbaya, ana haraka tu. Reino, dada yako alisema imenyamaza. Siku nyingine msikilize dada yako.

Ni nani huyo anapasua kuni hapo nje? Bado yupo? Amekataa kuingia, eti buti zake zina matope, lini mtu wa hapa alijali matope... Mwiteni aje amchukue mbwa, nataka nione mkono wake kwenye...

"Mzee Kangaaas!" Umeona? Umeona, Reino? Umeanza tena, unaita kutoka mlangoni. Hatua ngapi mpaka kwenye kuni? Nenda, mwanangu. Nenda umshike mkono umlete. Ehee. Hivyo.

Helmi, sogea. Amekwenda? Amekwenda kwa miguu yake? Vizuri.

Miaka hii tangu mama yako aende, kila Jumapili simu inalia. "Baba, upo?" Nipo. "Basi sawa." Mlijua nilipo... siku zote mlijua... Sitaki kulalamika tena, nimechoka. Naomba kitu kimoja. Nikinyamaza msiniite. Msipige kelele kitandani, Baba, Baba. Njooni tu karibu, wote, mmoja huku na mwingine huku. Mkae.

Mungu awape miguu, wanangu. Macho mnayo, sauti mnazo, mitambo mnayo. Awape miguu ya kwenda. Awape na watu watakaosikia mkinyamaza... Darrell na wewe, mwanangu, na wewe.

Ukko amekuja. Kichwa chake hiki hapa, nakisikia. Tulia, mzee. Kengele ina... imenyamaza. Sikieni.

Ni Reino huyo mlangoni? Amemleta? Usiseme kitu, Reino. Usi...

Ehee. Njoo.