Dkt. Paskazia Maige, Aliyeisubiri Galaksi Miaka Kumi na Mmoja

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni Venant, kaka wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, na nitayasoma yote, hata pale yanaponisuta.

Marehemu Dkt. Paskazia Maige alizaliwa tarehe 9 Juni 1978 huko Kisesa, wilayani Magu, akiwa mtoto wa nne wa hayati Mzee Maige Mayala na Mama Hellen. Alipokuwa na miaka tisa alipewa kazi ya kuamia ndege kwenye mpunga. Badala ya kupiga kelele peke yake kutwa nzima, aliwapanga watoto wa mashamba manne kwa zamu: mmoja akienda kula, mwenzake ameshasimama. Mwaka ule kwelea walitukoma. Nikambatiza jina la "Mwenyekiti wa Ndege", na likamganda.

Alisoma shule ya msingi Kisesa na sekondari mjini Mwanza, akasomea ualimu Butimba, kisha akafundisha fizikia miaka miwili. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu Dar es Salaam, na mwaka 2011 akahitimu shahada ya uzamivu Afrika Kusini. Katikati ya masomo hayo, tarehe 20 Desemba 2008, alifunga ndoa Misungwi na Mwalimu Yakobo Machibya. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Aliporudi Butimba alianza kazi ambayo sisi nyumbani hatukuielewa wala, tuseme ukweli, hatukuiuliza. Aliratibu watazamaji wa darubini katika nchi kumi na moja, waliokuwa wakifuatilia galaksi moja ya mbali mno. Mara chache sana, mwanga wa katikati ya galaksi hiyo hulipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya saa chache. India wakikaribia kupambazukiwa, Namibia wanaendelea, kisha Chile wanapokea. Ombi la kugeuza darubini kubwa lilipaswa kutoka kwake. Alisubiri mlipuko huo miaka kumi na mmoja.

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 2022 tulipokea wakwe waliokuja kwa mahari ya binti yangu Dorcas. Kwetu mahari haijadiliwi bila shangazi. Mimi ndiye niliyekusanya simu zote kwenye ungo. Saa tisa alasiri ya kwake ikaanza kutetemeka, haikomi. Akaninong'oneza, "Kaka, imewaka. Naomba dakika tano tu." Nikamjibu kwa sauti, mbele ya wakwe, "Hiyo nyota yako haina adabu? Shangazi hanyanyuki wageni wameketi!" Akakaa. Tulivutana hadi saa mbili usiku. Alipopewa simu yake, mwanga ulikuwa umeshapanda na umeanza kushuka, na kule kupanda ndiko alikokuwa akikutafuta. Hakunilaumu. Aliosha vyombo na wenzake mpaka vikaisha, ndipo akalia. Nilimwona, nikajifanya sikumwona.

Julai 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa hapa Mwanza kwa ujasiri mkubwa. Jumatano iliyopita nilikaa kando ya kitanda chake, nikamwuliza, "Paska, kwani ule mwanga ulitaka kuujua nini?" Akacheka. "Makubwa! Kaka, leo ndiyo unauliza?" Akaanza kunieleza kwamba mwanga ule uliondoka huko kabla hata ziwa letu halijakuwepo. Akachoka. Akasema, "Nitakumalizia kesho." Alifariki alfajiri ya kesho yake, Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 47.

Ameacha mume, Mwalimu Yakobo, watoto, Odeta na Shimba, mama yetu, Mama Hellen, ndugu sita, na watazamaji wenzake, ambao tangu Alhamisi wanatuma rambirambi kwa lugha nisizozijua.

Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kumwuliza, nikamwuliza siku moja kabla. Nisamehe, mdogo wangu. Mungu akupumzishe.