Bi Winifred Holroyd, Aliyevuka Barabara

Leo, Jumapili tarehe 28 Juni 2015, Bi Winifred Holroyd anastaafu baada ya kupiga kinanda katika kanisa letu la Ebeneza, hapa Kelderby, kwa miaka thelathini na tisa.

Waasisi wetu walijitenga na kanisa la parokia kwa kuwa hawakutaka askofu wala mfalme awapangie namna ya kusali. Wakaanzia kwenye ghala la sufu. Baadaye wakagombana wao kwa wao kuhusu kinanda: waliokiona kuwa ni anasa walihama, wakajenga Betheli ng'ambo ya barabara. Kwa karibu miaka mia tulinunua nyama bucha moja bila kusalimiana.

Bi Winifred aliingia katika uhasama huo akiwa msichana mcheshi. Paka alipozaa ndani ya kinanda, kando ya mabomba makubwa, aligoma kupiga sauti nzito mpaka vitoto vya paka vifumbue macho. Mchungaji alinuna, waumini wakafurahi.

Januari 1984 dhoruba iling'oa paa letu. Wazee wa kanisa wakaanza kuzungumzia kufunga milango kabisa. Bi Winifred hakungoja kikao. Alivuka barabara na mabuti yake ya mvua, akabisha hodi kwa Mzee Amos Clegg, kiongozi wa Betheli, kuomba nafasi ya kusali.

“Njooni,” alisema mzee, “ila likinanda lenu lisikanyage hapa.”

“Limejaa maji, mzee. Tumebaki na makoo tu.”

Jumapili iliyofuata, mle Betheli, tuliketi upande wetu, wao upande wao, nyuso zimekunjamana. Bi Winifred akaanzisha wimbo peke yake. Ubeti wa pili, Mzee Clegg akaingia na sauti yake nzito ya besi. Wa tatu, madirisha yalitikisika. Baada ya ibada akina mama wa Betheli walileta chai na mkate wa tangawizi, na hakuna aliyekumbuka kwenda nyumbani.

Paa lilipokamilika tulirudi Ebeneza, nao wakatufuata. Tangu hapo tumekuwa usharika mmoja. Siku kinanda kilipopigwa tena, Mzee Clegg aliketi mbele, mikono kifuani. Wimbo ukaisha. Tukamgeukia.

“Kelele tupu,” alisema. “Hebu rudia, binti.”

Asante, Bi Winifred. Tunakuombea afya njema na asubuhi zisizo na haraka wewe na mumeo Harold. Jumapili ijayo njoo uketi katikati yetu, uimbe kwa raha zako; sasa wengine wahangaike na pedali za kinanda.

Edith Sugden, kwa niaba ya kwaya