Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Maundu, Mwenye Karatasi Zote

Leo, Ijumaa tarehe 28 Septemba 2007, Mzee Maundu Muthoka anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Mboga ya Kyeni, hapa Machakos, miaka thelathini na mmoja. Alitakiwa aende miaka miwili iliyopita. Tulimkatalia, na tumeona afadhali aibu hiyo tuiseme wenyewe kabla mke wake hajaisema.

Haya nayasema mimi, Kalondu wa jikoni, ambaye ninyi mnaniita Susu, yaani bibi. Mimi sikuketi darasani hata siku moja. Nthambi wa mapokezi ananiandikia, na nimemkataza kupamba.

Mzee aliingia hapa mwaka wa 1976 akiwa karani wa faili, mwembamba kama ufito. Chumba chake kilikuwa na makabati sita na daftari moja la kuonyesha faili iko kwa nani. Ukichukua faili, unatia sahihi. Usipoirudisha, Mzee anakuja mezani kwako, anasimama, hasemi kitu. Meneja mmoja alirudisha faili mbio kutoka harusini kwa sababu ya kusimamiwa hivyo. Miaka ishirini na mitano haikupotea hata karatasi moja, isipokuwa ile iliyoliwa na panya, na huyo panya naye alipatikana.

Mwaka wa 2001 kampuni ikanunua mfumo wa kufanyia kazi pamoja kwa kompyuta. Kijana wa tai alitoka Nairobi akatueleza: mtu wa Machakos, mtu wa stoo ya Mlolongo na mtu wa kibanda cha kupokea maharagwe kule Katangi wote wataona karatasi ileile, saa ileile, bila kuinuka kwenye kiti. Tena, akasema, kazi haitamtegemea mtu mmoja tena. Tukapiga makofi. Halafu wakubwa wakatafuta mtu mmoja wa kuusimamia, wakampa Mzee Maundu.

Aliusimamia vizuri kuliko ulivyostahili. Kila mwaka ulikuja na mambo mapya, na kila jambo jipya Mzee alilisoma, akalijaribu, akatufundisha mmoja mmoja bila kutuita wajinga. Ilipokuja kalenda ya wote, mkurugenzi wetu Bwana Aloys aliandikiwa mikutano mitatu kwa saa ileile na hakuhudhuria hata mmoja. Ulipokuja ujumbe wa kompyuta wa kutukumbusha kazi, Mzee alipita vyumba vyote kutuuliza kama tumeuona ujumbe ule uliokuwa umeletwa ili yeye asipite vyumba vyote. Viatu vyake vilichakaa zaidi baada ya kompyuta kuliko kabla.

Kisha, Januari 2005, likaja lile jambo lililomfunga. Mfumo ukaanza kudai kila karatasi iwe na mwenyewe, yaani mtu mmoja wa kuulizwa habari zake. Sasa nyinyi mnatujua. Nani kwetu huku ataweka jina lake mbele na mzee amekaa hapo? Hata nyama hatugawi hivyo. Vijana wakaandika "Maundu" kwa adabu. Wakubwa wakaandika "Maundu" kwa ujanja, kwa sababu mwenyewe ndiye anayelaumiwa. Kufikia Pasaka alikuwa mwenye orodha ya wakulima, ratiba ya malori, na karatasi ya vikombe vilivyovunjika. Likizo ya uzazi ya Nzisa wa uhasibu nayo ilionyesha mwenyewe ni Maundu, na mzee wa watu akatembea wiki nzima akieleza.

Tungeendelea kucheka, lakini mfumo ulikuwa na sheria nyingine: mwenyewe akiacha kazi, karatasi zake zote zinafutika baada ya siku thelathini. Kijana wa tai alituambia kwa simu kwamba haiwezi kuzimwa. Dawa ni kumbadilisha mwenyewe, na huyo mpya lazima abonyeze kwamba amekubali.

Mzee akatuma maombi mia nne na kumi na mawili. Mfumo ukamjibu kwamba yote yamesomwa. Hakuna aliyebonyeza.

Basi Septemba 2005 tulikula keki yake ya kumuaga, halafu Bwana Aloys akamwomba avumilie mwaka mmoja tu. Septemba 2006 tulimpa koti la kustaafu, na Jumatatu alikuja kazini amelivaa. Hakulalamika. Ni sisi tuliozoea, na kumzoea mtu vibaya ni rahisi sana akiwa mpole.

Mwezi wa nane mwaka huu mke wake, Mama Loise, alikuja mwenyewe kutoka Katangi. Miaka thelathini na mmoja huyu mama amemwona mumewe Jumamosi jioni mpaka Jumapili mchana. Matuta ya shamba lao ameyachimba na wanawake wenzake, na kila msimu wa mvua ya Oktoba amepanda peke yake. Aliketi kwenye benchi langu la jikoni, akakataa chai, akaomba Bwana Aloys aitwe.

"Mwanangu, nimekuja kumchukua mzee. Kama kuna fomu, lete nitie kidole."

"Mama, si mimi ninayemshika," Bwana Aloys akasema. "Ni mfumo."

"Ako wapi huyo? Mwite. Mimi niko na maneno yake."

Mama Loise akamwambia polepole kwamba goti lake la kulia limekwisha, hawezi tena kuinama mistari yote, na kama mvua hii itamkuta peke yake, nusu ya shamba italala. Akainuka akaenda. Mzee Maundu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilimwona akikunja miwani akiiweka mfukoni, na nikajua leo kuna mtu ataambiwa.

Hakumgombeza mtu. Aliita mwethya. Kwa wageni wetu wa kutoka mbali: mwethya ni wanakijiji kuchimba shamba la mmoja wao, kila mtu na kipande chake, na asiyemaliza kipande hali. Alichapisha orodha yote ya karatasi zake, akatuita Jumamosi tarehe 15 kwenye ukumbi, wa Katangi na wa Mlolongo pia, kwa miguu yao. Mbele akaweka kompyuta moja. Mimi nikaweka mlangoni sufuria ya muthokoi, ule mlo wetu wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, nikakalia kiti kando yake na mwiko mkononi.

Mzee alisoma jina la karatasi, akasimama vile anavyojua. "Ratiba ya malori." Kitheka wa Mlolongo akanong'ona kwamba si adabu kumnyang'anya mzee. Nikamwambia adabu gani hiyo ya kumwachia mzee mzigo ukaenda kulala? Akaenda akabonyeza. Baada yake Nzisa, akachukua likizo yake na kicheko chote cha ukumbi. Kufikia saa saba zilikuwa zimeondoka mia nne na kumi na moja.

Ikabaki moja: malalamiko ya wakulima. Hiyo Mzee alikuwa akijibu kila mstari, halafu Jumamosi akishuka Katangi anamtafuta mkulima mwenyewe na kumwambia kwa mdomo kwa nini maharagwe yake yalikataliwa. Kila mtu aliijua kazi hiyo, ndiyo maana kila mtu aliangalia chini. Muthokoi ukaanza kupoa. Sikufunua.

Mzee hakusoma mara ya pili. Alisimama tu. Mwishowe Bwana Aloys akavua koti. "Lete hapa," akasema, akabonyeza kwa kidole kimoja kama mtu anayegusa jiko. Nampa heshima yake: wiki hii amekwenda Katangi mara mbili, na mara ya pili alirudi anajua majina ya watu.

Mzee akafungua ukurasa wake. Ulikuwa mtupu. Akatuita tuje tuone. "Sina hata kitu," akasema, na akacheka mpaka akakaa chini. Nimempikia chai tangu 1981 na sikuwa nimewahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Mzee Maundu, asante kwa kutufundisha bila kutudharau, na utusamehe kwa miaka miwili tuliyokuibia huku tukikuita mheshimiwa. Kampuni itakukumbuka. Sisi wa jikoni tutakulilia, lakini kesho, si leo.

Mama Loise ameketi hapa mstari wa mbele. Ameniambia amekwisha kupanda kavu, kabla ya mvua, ile mistari ambayo goti lake liliiweza. Iliyobaki ni ya juu, ya upande wa mlimani, na mbegu zake amezihesabu na kuzifunga kwenye kitambaa. Maisha yawe mema kwenu wawili, wanangu. Mawingu yako juu ya Yatta, upande wa kwenu Katangi, tangu juzi. Msikae sana kwenye soda.