Tundu Lililozibwa Usiku wa Krismasi

Fungeni mlango. Norbert, si ule wa ukumbini, huu wa chumba changu, joto linatoka. Kaa pale kwenye kiti cha baba yako, na wewe Ula sogea huku upande wa dirishani nikuone uso, maana tangu ufike juzi kutoka Ujerumani unaniangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyewahi kumng'ata. Leo nitasema mimi, na nyinyi mtanyamaza. Daktari ameshaniambia moyo umechoka, padri ameshanipaka mafuta, nimebakiwa na pumzi kidogo, na pumzi hiyo sitaimaliza kwa kuwaaga kwa maneno matamu, kwa sababu nina hasira. Nimekuwa na hasira tangu Krismasi, na sasa theluji inayeyuka barabarani na hasira yangu iko pale pale. Nimewazaa mimi, nimewafulia mimi, nikawapasha moto kila majira ya baridi ya utoto wenu, basi mtanivumilia mpaka mwisho.

Tuanze na vitu, viondoke. Ula, lile blanketi la manyoya ya bata bukini ni lako, nalo lipigwe jua kabla hujalibeba. Kofia ya baba yenu ya sherehe, ile ya wachimbaji yenye manyoya meusi, isiuzwe kwa wale vijana wanaopita wakinunua vitu vya zamani. Ipelekwe kanisani, iwekwe kwa Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, ndiye aliyemtoa Alojz wangu mgodini mzima siku zote hadi alipostaafu. Kuku apewe Jolanta, mkwe wangu, maana yeye ndiye anayewakumbuka. Na Gizela wa jirani, ambaye tumenuniana miaka mingi kwa sababu ya shuka zake alizodai nimezitia masizi, mpelekeeni keki ya mbegu za popi baada ya mazishi, mmwambie nimemsamehe, na mmwambie pia kwamba shuka zile zilikuwa chafu kabla hajazianika. Usicheke, Norbert. Wewe leo huna ruhusa ya kucheka.

Nyumba nitaifikia. Kabla ya nyumba nataka kusema habari ya boila, lile tanuru la makaa kule chini linalopasha maji ya kutia nyumba joto.

Mnajua nyote wawili kwamba moto wa nyumba hii ulikuwa mikononi mwangu. Baba yenu alikuwa akitoka mgodini amejaa makaa hadi kwenye kope, anakaa mezani, anasema, "Elfryda, nimeyaona makaa ya mawe kutwa nzima, usinionyeshe mengine." Basi nikajifunza mwenyewe. Nilijifunza kuyapanga makaa kwanza, kisha kuuwasha moto juu yake, ushuke taratibu kama mshumaa, si kuuwasha chini na kumwaga makaa juu kama wafanyavyo nusu ya mtaa huu, halafu wanashangaa kijiji kizima kinakohoa. Nilijifunza kutoka nje kwenye baridi na kuangalia dohani: moshi ukiwa mzito na wa njano, nimekosea, ukiwa hauonekani, narudi kunywa kahawa yangu. Niliyaweka maji kwenye digrii sitini na kuendelea, sikuyaacha yapoe kwa ubahili, maana boila likipoa hutoa ute mweusi kama lami unaoganda ndani ya dohani, na siku lami hiyo ikishika moto utasikia paa linanguruma. Nilishika bomba linalorudi kwa kiganja, nikajua ni chumba gani hakijapata joto. Hata sasa, hapa nilipolala, nasikia maji yanavyopita ukutani, na najua Norbert amekifunga kilango cha hewa cha boila kuliko inavyotakiwa. Ndiyo, umefunga. Ukitoka hapa nenda ukafungue.

Na kitu kimoja sikukigusa kamwe, nacho ni tundu la hewa, lile lenye wavu, juu kabisa ya ukuta wa chumba cha boila, karibu na dari. Ni kweli linaingiza baridi. Ni kweli usiku wa baridi kali viazi vilivyoko kule chini vinapata ganzi. Lakini moto unavuta hewa, na tangu mtie madirisha haya mapya yanayobana, nyumba hii haina pengo jingine la kupumulia. Baba yenu, ambaye hakutaka hata kushika koleo humu ndani, alinishika mkono siku tuliyohamia, akanionyesha tundu lile, akasema amewabeba watu waliokufa kwa gesi ile isiyo na harufu, na nyuso zao zilikuwa na rangi nzuri ya waridi kama wamelala tu. Hilo tu ndilo alilonifundisha kuhusu boila, nami niliwafundisha nyinyi mkiwa wadogo kabla ya sala ya Baba Yetu. Norbert, wewe ulilijua. Ula analijua. Hata paka analijua.

Sasa nakuja kwenye wanaume.

Wanaume wa hapa kwetu Silesia wana ugonjwa, nao hawauambii daktari. Jumapili baada ya misa wanasimama nje ya kanisa, mikono mifukoni, wanaulizana, "Lako linashika mpaka saa ngapi?" Hawaulizani habari za wake zao wala watoto. Wanaulizana moto umeshika mpaka saa ngapi bila kuongezwa makaa. Mmoja anasema mpaka alfajiri, mwingine anasema lake asubuhi bado lilikuwa jekundu, anadanganya, na wote wanajua anadanganya, wanatikisa vichwa. Nilipougua mwaka jana na moto ukaenda kwa Norbert, nilijua nimempa mtu wa nje ya kanisa. Nilikuwa nikimsikia kupitia sakafu. Anabana hewa, anabana tena, anashuka kuangalia, anapanda, anamwambia Jolanta, "Leo limefika saa kumi na moja!" Nikamwambia, mwanangu, moto uliobanwa hauwaki, unafukuta, na unaofukuta ndio unaoua. Akaniambia, "Mama, wewe pumzika."

Basi ikaja Krismasi, akaja Ula na mumewe Detlef, nikafurahi, Mungu ananiona nilivyofurahi. Tukamega ule mkate mwembamba wa usiku wa Krismasi, kila mtu na mwenzake, tukatakiana heri kama ilivyo desturi. Norbert alimega na dada yake, akambusu mashavuni, akamwambia, "Afya, Ula, afya tu, mengine yatakuja." Nilikuwa nimesimama pale karibu na bakuli la supu ya samaki. Nilisikia kwa masikio yangu. Na mezani, mbele ya Detlef mwenye boila la gesi linalojiwasha lenyewe, akaanza majigambo, kwamba kesho Detlef aamke mapema, ashuke naye, aone makaa bado mekundu na hakuna aliyeyagusa usiku kucha. Detlef wa watu hata hakujua anaonyeshwa nini.

Usinikatize! Nitakuambia wakati wa kusema.

Alishuka, akabana kilango cha hewa mpaka kikabaki kama unywele, na kwa kuwa nje hapakuwa na upepo na baridi ilikuwa inauma, akasukumia mto wa kochi ndani ya tundu la hewa, ili chumba kisipoe na kumwaibisha. Kengele ya kunusa gesi haikulia, kwa sababu jioni ile ile betri zake zilikuwa zimehamia kwenye rimoti ya televisheni. Chumba kilicho juu ya boila ndicho nilichompa Ula, kwa sababu ndicho chenye joto kuliko vyote. Nilikuchagulia mimi, mwanangu, nikakutandikia mimi.

Niliamka kichwa kikinipasuka, nikaona kuta zinaogelea, nikajua. Nilitambaa. Kwa umri huu nilitambaa kwa magoti hadi chumbani kwako, nikavunja kioo cha dirisha kwa kiatu cha Detlef, nikapiga kelele mpaka nikapoteza fahamu. Na nilipokuwa nimelala kwenye gari la wagonjwa, nimefunikwa pua na mdomo kwa barakoa ya oksijeni, siwezi kutamka neno, nikamsikia kiongozi wa wazimamoto akiuliza pale uani, "Nani anaangalia boila katika nyumba hii?" Na nikamsikia mwanangu wa kumzaa akijibu, "Ni Mama. Mama ndiye anayeshika moto siku zote. Amezeeka, anahisi baridi, nadhani ndiye aliyeziba."

Nadhani! Alisema nadhani.

Ula, najua ulivyofanya baadaye. Ulitoka hospitali ukapanda gari moja kwa moja, hukuniaga. Nilipiga simu, Detlef akapokea, akasema unalala. Kila nilipopiga, ulikuwa unalala. Kijiji kizima kikaambiwa Elfryda amechanganyikiwa, nusura amuue bintiye. Gizela, hata Gizela, alikuja kunisalimia kwa sauti ile wanayotumia kwa watoto wachanga. Nikauma meno. Unajua kwa nini sikusema? Nilitaka aseme yeye, kaka yako. Nilisema moyoni, ngoja Mwaka Mpya upite, atasema. Ngoja padri aje kubariki nyumba, atasema. Kila siku aliniletea supu, akaiweka hapo, akaangalia vidole vyake vya miguu, akatoka. Supu zenyewe zilikuwa na chumvi nyingi.

Niinueni kidogo. Hapo. Ula, hebu shika mkono wangu huu wa kulia. Uinue. Inua zaidi. Umeona unapogoma? Hauvuki bega tangu nilipoteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate, na wewe mwenyewe ulinitumia yale mafuta ya kuchua. Huu mwingine una ganzi tangu nilipougua mwaka jana, haushiki hata kikombe. Tundu liko juu karibu na dari. Wazimamoto wenyewe waliweka ngazi kuutoa ule mto. Sasa niambieni, nyinyi watu wenye akili timamu, nani alinibeba mabegani? Gizela?

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Hilo ndilo linaloniua, si moyo. Mlikuwa tayari kuamini kwamba mimi ni mwendawazimu, ikawa rahisi, mkapumua.

Norbert. Mwangalie dada yako. Si mimi, mimi nakujua. Mwangalie yeye, useme.

Kwa sauti. Bomba linalia, hasikii.

Tena. "Ni mimi." Wewe nani? Na ulifanya nini? Haya, umesema. Umesema vizuri. Yalikuwa maneno machache tu, mwanangu, yangeweza kutoka siku ile pale uani, na mimi ningekufa mapema kidogo lakini nikiwa na binti.

Ula, kaa chini. Kofi utampiga nikishazikwa, sitaki makelele. Hapana, usiniombe radhi sasa, nitalia, na nikilia pumzi itakwisha kabla ya nyumba.

Nyumba. Norbert, niliahidi ni yako yote, kwa sababu ulibaki hapa dada yako alipoondoka. Jana, ulipokuwa kazini, Jolanta alimleta mwanasheria, nikaweka sahihi kwa huu mkono wa kulia. Ghorofa ya juu na hii ya kati ni zako, sikunyang'anyi, una mke na una watoto. Lakini chumba cha chini ni cha Ula. Chumba, boila, makaa yote yaliyomo, dohani kuanzia chini hadi juu, na lile tundu. Kila vuli, kabla hujawasha moto, utampigia simu dada yako umwombe ruhusa, naye atapanda gari aje, ashuke, aangalie tundu kwa macho yake, ajaribu kengele, amwite msafisha dohani, kisha akipenda akuruhusu. Asipopenda, mtavaa makoti ndani ya nyumba. Hasira yangu yote nimeiweka humo ndani ya hati, sina nyingine ya kukupa. Msamaha mwombe yeye, mimi sitakuwapo kuugawa.

Na Jumapili hii, baada ya misa, pale pale wanaposimama, utawaambia. Wote. Utamwambia na kiongozi wa wazimamoto. Hutaniacha nizikwe na jina ulilonipa.

Sasa nimechoka. Ngoja… ngoja nipumue. Jeneza lisiwe la bei. Msinivalishe viatu, vinanibana. Wimbo wa Barbara, si ule mrefu. Wale watoto wa Norbert waambieni nyanya yao hakuwa… waambieni tu.

Sogeeni. Mkono haufiki juu, inamisheni vichwa nyinyi. Norbert, na wewe. Na wewe, njoo, bado u mwanangu, njoo upesi. Mungu awape… mkate, na akili kidogo. Mungu awalinde na moto, na baridi, na majigambo ya nje ya kanisa. Kila atakayelala katika nyumba hii, aamke. Kila atakayelala… aamke asubuhi.

Mimi mniache.